Kutoka Ulipokuwa Mkuyu

Santa Rita del Bajo, 8 Juni 2020

Don Evelio,

Salamu utazikuta chini ya barua, kama zitakuwa zimebaki. Nimepiga simu ofisini kwenu tangu Jumatano. Inaita mpaka inajichokea. Nikaja mwenyewe, nikakuta mlango wa manispaa umefungwa, na sanduku la mbao limetundikwa pamoja na karatasi inayosema tutumbukize barua humo. Haya, natumbukiza. Sijaandika barua tangu binti yangu Yorleny alipokwenda kuolewa Limón, kwa hiyo mwandiko uuvumilie.

Mimi ni Fidelina Obando, mwenye mkahawa wa La Constancia. Unanijua vizuri, maana umekula kwangu wali na maharage ya asubuhi tangu ulipokuwa na nywele, lakini karatasi inataka niseme. Leseni ya biashara iko kwa jina langu. Mahali: kutoka ulipokuwa mkuyu, mita mia kusini na mita hamsini mashariki, geti la kijani.

Nimefunga tangu Machi. Viti nimevipandisha juu ya meza, jiko nimelifunika shuka. Sasa nimesikia redioni kwamba manispaa imepitisha nafuu, kwamba wafanyabiashara wadogo waliofunga kwa ajili ya maradhi haya wasilipe ada ya leseni mpaka mwaka uishe. Naomba na mimi niwemo. Sina cha kulipia, na sioni aibu kusema. Aibu nayo imeshanichoka.

Jambo moja nakukumbusha. Mkahawa wangu uko kando ya mto, na tangu mlipochora ile ramani yenu mpya hakuna leseni mpya inayotolewa upande wa mtoni. Mimi nimebaki kwa sababu leseni yangu ni ya zamani. Ikifutwa kwa kutolipa ada, ndiyo basi, hairudi tena, na mkahawa utakuwa umekufa kabisa. Pale ndipo nilipolea mtoto, na pale ndipo tulipokaa matanga ya mume wangu. Nifutieni ada, msinifutie mkahawa.

Salamu zimebaki kidogo. Msalimie mama yako.

Fidelina Obando


Manispaa, Ofisi ya Leseni
19 Juni 2020

Doña Fidelina Obando,

Ombi lako la nafuu ya ada ya leseni limepokelewa. Kwa mujibu wa utaratibu, mkaguzi atafika mahali pa biashara bila taarifa, ili kuthibitisha kwamba pamefungwa. Tafadhali subiri.

Wako katika kazi,
Evelio Zúñiga
Afisa Leseni

(Kwa mkono:) Utusamehe kwa simu. Wenzangu wote wamepelekwa nyumbani, nimebaki mimi na mkaguzi mpya, na simu iko ghorofa ya juu. Mama hajambo, anauliza utafungua lini. Mchana nakula mkate na ndizi hapa hapa mezani. Ndizi zimenikinai, Doña, sikufichi.


Manispaa, Ofisi ya Leseni
3 Julai 2020

Doña Fidelina Obando,

Tunasikitika kukuarifu kwamba ombi lako limekataliwa. Mkaguzi wetu, bwana Jafet Umaña, alifika mahali pa biashara tarehe 26 Juni asubuhi, akakuta biashara inaendelea. Chakula kilikuwa kikiuzwa dirishani na watu wamepanga foleni nje.

Ada italipwa kamili kabla ya mwisho wa Julai. Isipolipwa, leseni itafutwa. Una haki ya kukata rufaa kwa barua.

Evelio Zúñiga
Afisa Leseni

(Kwa mkono:) Doña, kama hali ilikubana ukafungua dirisha, ungeniambia tu. Nisingekulaumu. Lakini uliniandikia kwamba umefunga, na mimi nikakupigia chapuo mbele ya kamati.


Santa Rita del Bajo, 6 Julai 2020

Don Evelio,

Leo salamu hakuna.

Foleni? Foleni ya nani? Foleni iliyopo kwangu ni ya sisimizi wanaotoka kwenye gunia la sukari. Huyo kijana wenu alikuwa amelala au ametumwa? Na wewe, mzima na akili zako, mtu niliyekuwa nikikuwekea ukoko wa wali pembeni kwa sababu unaupenda, unaniita mwongo kwa maneno madogo chini ya karatasi. Ungeniita kwa maneno makubwa ningekuheshimu zaidi.

Niambie huyo Jafet alianza kuhesabu kutoka wapi. Si mtoto wa hapa, sivyo? Mkuyu uliangushwa na tetemeko la mwaka tisini na moja. Sisi tunajua uliposimama, mbele ya duka la vitambaa la marehemu Don Abelardo, na hata watoto waliozaliwa juzi wanajua, maana ndivyo tunavyowaelekeza wakitumwa chumvi. Yeye atajulia wapi? Naapa aliuliza, "Mkuyu uko wapi?" na mtu asiye na kazi akamwonyesha ule mpya mlioupanda nyuma ya uwanja wa mpira, ule mwembamba kama mguu wa kuku. Kutoka pale ukihesabu mia kusini na hamsini mashariki unatokea kwingine kabisa, si kwangu.

Naomba niandikiwe alichokiona, neno kwa neno. Nataka nimjue huyo anayeuza kwa kutumia jina langu. Nikishamjua nitamleta ofisini kwenu mwenyewe, nimemshika sikio.

Fidelina Obando, ambaye amefunga


Manispaa, Ofisi ya Leseni
10 Julai 2020

Doña Fidelina,

Nakuomba radhi. Nimemuuliza Jafet, na ni kama ulivyosema. Alianzia mkuyu wa uwanjani. Anasema aliambiwa mkuyu, akaukuta mkuyu, angetafuta nini tena? Ni mtoto wa Turrialba. Kwao nako wanaelekezana kwa vitu vilivyokwisha kubomoka, ila vya kwao anavijua na vya kwetu havijui. Kila nikimtazama namwonea huruma, mwezi wake wa kwanza kazini ni huu, na mji umefungwa wote.

Shida ni kamati. Nimewaeleza habari ya miti miwili, wakacheka, halafu wakasema ripoti iliyokwisha sainiwa haitupwi hivi hivi. Wanataka jina la mwenye nyumba aliyokagua Jafet. Ukinipa jina, ripoti inahamia kwake na wewe unapata nafuu yako siku hiyo hiyo. Huyo mwingine atatozwa faini na kunyang'anywa vyombo, kwa kuwa anauza bila leseni. Ndiyo sheria, sikuitunga mimi.

Aliyoandika Jafet ni haya:

"Dirisha linalotazama barabara. Mwanamke wa makamo, barakoa ya maua. Anauza vitumbua vya unga wa mahindi na nyama vilivyofungwa kwenye majani ya mgomba, viwili viwili kwa uzi mweupe. Nilinunua ili kuthibitisha. Ni vya moto, vitamu, na katikati vina zabibu."

Jina tu, Doña. Mwezi unakatika.

Evelio Zúñiga


Santa Rita del Bajo, 20 Julai 2020

Don Evelio,

Barua yako imekaa mezani kwangu, naipita kila ninapokwenda jikoni, na jikoni penyewe sina ninachokwenda kufanya.

Acha. Ilikuwa mimi. Dirisha langu, foleni yangu, zabibu zangu. Nilidanganya. Andikeni kwamba nilikuwa wazi, na mwisho wa mwezi ukifika mfute leseni. Meza nitampa padri kwa ajili ya ukumbi. Jiko Yorleny ataliletea lori.

Usinijibu. Nimechoka kubishana na karatasi.

Fidelina Obando


Nyumbani, 23 Julai 2020

Doña Fidelina,

Uliniambia nisijibu. Najibu, na si kwa karatasi ya ofisi.

Zabibu zako? Doña, mimi nilikuwepo ile Desemba ya mwaka juzi, meza ya pembeni, kijiko mkononi. Mji mzima unajua ulichomwambia Ermida Cascante mbele ya wateja, kwamba zabibu huwekwa na mtu asiyejua kuunga nyama. Mwanamke aliyesimama nawe jikoni ujana wake wote, mama wa ubatizo wa Yorleny. Akafungua aproni yake, akaiweka juu ya kaunta, akatoka bila kuchukua hata mwavuli, na nje mvua inanyesha. Tangu hapo kanisani mnakaa kila mtu ubavu wake, na padri anawapa mkono wa amani mara mbili kwa sababu nyinyi hampeani.

Nilipoisoma ripoti nilimjua papo hapo. Mimi siwezi kumtaja, lazima jina litoke kwa mlalamikaji. Nikadhani nakuletea zawadi, nikadhani utaliandika jina lile kwa wino mwekundu na utaniita nije kunywa kahawa.

Kumbe sikujui. Nieleze, maana mimi ndiye nitakayetia sahihi ya kukufuta, na sitaki kuitia bila kuelewa.

Evelio


Santa Rita del Bajo, 25 Julai 2020

Don Evelio,

Kumbe ulijua, na ulikaa kimya ukiningoja niseme. Umekuwa mtu wa serikali kweli kweli, hongera.

Haya, elewa. Alipotoka kwangu Ermida alikwenda kufua mashuka hotelini. Hoteli imefungwa. Mama yake yuko kitandani, ana miaka tisini, hamezi isipokuwa kilicholainishwa. Wanakula kutoka kwenye dirisha lile. Na hivyo vyombo mtakavyomnyang'anya, unajua ni vya nani? Ile sufuria kubwa ya kuchemshia nilimpa mimi, siku tuliyombatiza Yorleny. Leo niitume manispaa ikamchukulie?

Simpendi. Usiende ukaandika mahali kwamba Fidelina amelainika. Bado ananiudhi, nikimwona kwa mbali navuka barabara, na zabibu ndani ya nyama ni upuuzi, nitasema hivyo hivyo nikiwa kwenye jeneza. Lakini hilo ni letu sisi wawili. Haliihusu kamati.

Mnataka jina? Jina ni Fidelina Obando. Tia sahihi ukalale.

F.


28 Julai

Kwa Ofisi ya Leseni

Mimi naitwa Ermida Cascante. Nakaa kutoka ilipokuwa sinema, mita sabini na tano kaskazini, mkono wa kushoto.

Muuza mikate ameniambia kwamba Doña Fidelina wa La Constancia anafutiwa leseni kwa sababu ya dirisha moja la chakula. Muuza mikate huyo habari zote anazipata mlangoni kwa mama yake Don Evelio. Dirisha hilo ni langu. Yule kijana mwenye barakoa ya bluu alinunua jozi moja, akala amesimama, akarudi akanunua nyingine mbili za kwenda nazo. Leo ndiyo nasikia kwamba ni mkaguzi. Sasa mbona hakusema? Ningemwongezea.

Fidelina hajauza chochote. Nalijua geti lake, napita pale nikienda kuchukua dawa za mama, na kufuli limeota kutu. Zamani ukipita hapo saa nne unasikia anavyogombana na redio. Siku hizi kimya, hata redio hajibizani nayo.

Mimi sina leseni. Sikuomba kwa sababu nyumba si yangu ni ya mama, na mama kidole chake hakishiki tena kalamu. Njooni mchukue mtakacho. Naomba tu msije asubuhi, ndio wakati anapopata usingizi.

Na Fidelina msimwambie kwamba nimeandika. Atadhani naomba msamaha. Siombi. Ila nimewauzia watu chakula chake kwa miaka, najua uso wake ukoje mkahawa ukijaa, na sitaki kuwa mimi niliyeufunga.

Ermida Cascante


Manispaa, Ofisi ya Leseni
30 Julai 2020

Doña Fidelina Obando,

Rufaa yako imekubaliwa. Ada ya leseni ya mkahawa wa La Constancia imesamehewa mpaka mwisho wa Desemba. Ukaguzi umerudiwa na Afisa Leseni mwenyewe. Alianzia ulipokuwa mkuyu, akafika geti la kijani, akakuta kufuli lenye kutu na utando wa buibui usiovunjwa. Ukifungua dirisha la kuuza chakula cha kubeba kuanzia sasa, nafuu haitaondolewa.

Evelio Zúñiga
Afisa Leseni

(Kwa mkono:) Niliwapelekea kamati barua mbili za wanawake wawili, kila mmoja anasema dirisha ni lake. Mwenyekiti akanitazama, akauliza, "Hawa wanagombea faini?" Nikamwambia ndiyo, bwana, ndivyo ninavyoona na mimi. Akavua miwani akafikicha macho. Wote tumechoka, Doña, hakuna aliyebaki na nguvu ya kuchunguza zabibu. Wakasema ripoti yenye wenyewe wawili haina mwenyewe, wakaifuta.

Barua ya pili naiambatisha. Mwandishi wake aliomba usionyeshwe. Nimefanya makosa kwa makusudi.

Ilibaki kwenda kumkagua yeye. Nikaanzia ilipokuwa sinema. Nimezaliwa mji huu, Doña, na sinema ile ndipo nilipomposea mke wangu, na bado nikapotea. Nimeandika: mahali hapakupatikana. Lakini mwezi huu unaoingia wanaleta mtu mwenye simu inayoonyesha ramani, na huyo hatapotea. Dirisha lile lifungwe kabla hajafika. Mwambie wewe. Mimi siwezi kumwambia, mimi sijafika kwake.

Kwako nilizunguka nyuma, nikagonga mlango wa nyumbani muda mrefu. Hukufungua, nikaingiwa na hofu. Nijulishe kama uko mzima.


Santa Rita del Bajo, 2 Agosti 2020

Ermida,

Barua hii anakuletea muuza mikate. Usimlipe, nimeshampa kahawa, na usimwambie kitu maana kesho kitakuwa kwa mama yake Evelio.

Leo ni sikukuu ya Bikira wa Malaika, na mwaka huu hakuna aliyetembea kwenda kuhiji Cartago. Nimewasha mshumaa hapa nyumbani, nikakaa nao. Mwaka wa mwisho tulipokwenda pamoja ulivua viatu njia nzima na kunitukana kwa kila kokoto, kana kwamba nilizimwaga mimi.

Barua uliyoandika manispaa niliambiwa nisiijue. Basi siijui. Na ile niliyoandika mimi usije ukaiuliza.

Dirisha lako ulifunge. Wanamleta mtu mwenye ramani kwenye simu, na huyo hatahitaji mkuyu wala sinema. Safari hii hakuna wa kukuokoa, hata Evelio mwenyewe. Tafadhali usibishe, kwa mara moja tu katika maisha yako.

Sasa nisikilize. Leseni yangu imepona. Wenzangu wa barabara kuu wanauza chakula cha kubeba tangu Mei, na mimi ningeweza. Watu wanadhani ninaogopa maradhi. Ninayaogopa, ndiyo, lakini sicho kilichonifunga. Siku ya kwanza nilijaza sufuria iliyobaki, nikashindwa kuipandisha jikoni peke yangu, maana tangu uondoke nilikuwa namwita mteja anishikie upande wa pili. Nikaimwaga, nikaketi sakafuni, nikalia kwa sauti, nikashukuru Mungu kwamba redio ilikuwa imewashwa. Halafu nikafunika jiko shuka. Evelio majuzi aligonga nikamsikia, nikakosa nguvu ya kuamka na kumweleza mtu habari hizo.

Karatasi ya leseni inasema mkahawa mmoja na jiko moja. Nimeisoma mbele na nyuma. Haisemi popote ni wanawake wangapi wanasimama humo.

Njoo na mama yako. Chumba cha nyuma kina kitanda, asubuhi jua linaingia, na hakuna atakayemwamsha. Njoo na sufuria. Kuhusu zabibu msimamo wangu haujabadilika, lakini mteja akiziomba, tutamuuzia, na mimi nitatazama pembeni.

Aproni yako iko pale pale ulipoiacha, juu ya kaunta. Sikuiondoa. Nimekuwa nikifuta kaunta kwa kuizunguka, Desemba ile na mwaka wote uliofuata, na hata baada ya kufunga, nikiamka nafuta, naizunguka.

Njoo uivae, Ermida. Nimechoka kuizunguka.

Fidelina